Mzee wa Bandama na Ratiba ya Wiki

Leo siasa nimeiacha nyumbani, na bei ya mchele nimeiacha huko huko sokoni. Nimekuja na habari za wiki za chuo cha udaktari. Usizime redio. Najua unasema moyoni, mimi na chuo cha udaktari wapi na wapi? Vumilia kidogo, utajikuta na wewe umo.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki iliyopita, mwanzoni mwa huu mwezi wa Juni. Nilikwenda kumwangalia jirani yangu aliyelazwa katika hospitali moja ya kufundishia hapa Dar es Salaam. Jina la hospitali tuliache. Nilifika mapema kuliko saa ya kuona wagonjwa. Mlinzi akanitazama, akaitazama na hotpoti ya uji niliyoibeba, akasema, "Mzee wangu, bado dakika arobaini. Uji wako hautapoa." Basi nikasogea kivulini, na pale kivulini palikuwa na ubao wa matangazo wa chuo. Mtu aliyezoea kusoma hata gazeti lililofungia maandazi hawezi kuupita ubao wa matangazo.

Nikwambie yaliyokuwapo. Profesa mmoja aliyepanda cheo atatoa mhadhara wake wa kwanza, wote mnakaribishwa, vitafunwa vitakuwapo. Kongamano la kisayansi la mwaka linakuja, wanaotaka kuwasilisha tafiti zao walete muhtasari kabla ya tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho ilikuwa imekatwa kwa kalamu na kusogezwa mbele. Kamati ya maadili ya utafiti itakutana, wenye maombi wayawahishe. Tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangiaji Damu Duniani, wanafunzi watachangia damu ukumbini. Tarehe 19 Juni ni siku ya selimundu. Bonanza la mpira, madaktari dhidi ya wafamasia, na jina la golikipa limeandikwa kwa herufi kubwa, sijui kwa sifa au kwa kejeli. Ratiba ya mitihani ya vitendo ya mwaka wa tano, kuanzia Jumatatu. Na chini kabisa, kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: stetoskopu nyeusi imepotea, ina plasta yenye jina langu kwenye mpira, tafadhali sana aliyeiokota anirudishie, nina mtihani.

Hilo la mwisho ndilo tangazo pekee lililoandikwa kwa Kiswahili. Mengine yote Kiingereza kitupu. Kijana alipobanwa kweli kweli, Kiingereza kilimkimbia.

Nikaupitia ubao mara ya pili, sasa nikimtafuta mtu mmoja tu: mgonjwa. Maprofesa niliwakuta, wanafunzi niliwakuta, wafadhili niliwakuta na nembo zao, golikipa ndiyo huyo. Mgonjwa nilimkuta mahali pamoja, ndani ya ratiba ya mitihani, akiitwa "kesi". Kesi ndefu moja, kesi fupi kadhaa. Na kwa taarifa yako, mojawapo ya hizo kesi fupi ndiye niliyekuwa nimembebea uji.

Tutarudi kwake. Kwanza tusiwaonee watu wa chuo, maana safari yao imekuwa ndefu. Mwalimu Nyerere alipenda kutukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka mwaka 1961 walituachia madaktari 12 na wahandisi 2. Madaktari 12 ni wachache kuliko abiria wa kipanya kimoja cha Gongo la Mboto. Wakati ule kijana wa Tanganyika aliyetaka kusomea udaktari alifunga safari hadi Makerere, Uganda, ambako mafunzo ya tiba yalianza mwaka 1924, au alivuka bahari. Profesa Esther Mwaikambo, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kuwa daktari, alisomea Moscow akahitimu mwaka 1969. Hebu fikiri: binti anajifunza kwa Kirusi maumivu ambayo atakuja kusimuliwa kwa Kiswahili.

Hapa nyumbani shule ya tiba ilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1963. Mwaka 1968 ikapandishwa kuwa kitivo cha chuo kikuu, enzi zile Dar es Salaam ilipokuwa bado tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1976 chuo na hospitali vikafungwa pamoja vikawa Kituo cha Tiba Muhimbili, mwaka 1991 kikaja chuo kishiriki, baadaye hospitali na chuo vikapeana talaka kwa mujibu wa sheria, na mwaka 2007 kikazaliwa chuo kikuu kamili, hiki tunachokiita MUHAS. Talaka yenyewe ni ya kwenye makaratasi. Kivitendo bado wanalala nyumba moja. Chuo cha sheria unaweza kukijenga porini, ukaleta vitabu na jenereta, mambo yakaenda. Chuo cha tiba bila wagonjwa ni bweni tu.

Na majengo yenyewe yanakumbuka. Hospitali ya Muhimbili ilianza mwaka 1956 ikiitwa Princess Margaret, jina la mdogo wake Malkia Elizabeth. Lakini ukiulizia mgonjwa wako pale leo utaambiwa yuko Mwaisela, au Kibasila, au Sewa Haji. Huyu Sewa Haji Paroo alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliyejipatia utajiri kwa kuihudumia misafara ya kwenda bara, akafariki mwaka 1897, na fedha zake ndizo zilizojenga hospitali ya mwanzo ya watu wa mji huu. Watu wanatapika, wanajifungulia njiani, wanalia, na wote wanamtaja yeye: "Yuko Sewa Haji, ghorofa ya pili." Maprofesa wangapi watatajwa hivyo?

Sasa, ukitaka kujua wiki ya chuo cha tiba inavyokwenda, achana na ubao, simama kwenye korido siku ya raundi kuu. Utasikia viatu kwanza. Mbele ni daktari bingwa, mikono nyuma. Wanafuata madaktari wanaosomea ubingwa. Kisha madaktari tarajali, wale waliomaliza miaka mitano ya chuo na sasa wanamalizia mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Hao utawajua kwa macho mekundu. Mkiani wanafunzi, makoti meupe, mifuko imevimba kama mashavu ya mtoto mwenye pipi: kidaftari, tochi, kinyundo cha kugongea magoti, na nimeshaona andazi.

Miaka michache nyuma shangazi yangu alilazwa katika hospitali mojawapo ya aina hii. Mwanafunzi alikuja jioni kuchukua historia yake, kama wanavyosema wenyewe. Kijana mpole, akaamkia, akaketi. "Shangazi, unasumbuliwa na nini?" Shangazi akamjibu sawasawa: "Mwanangu, mwili hauna raha. Mshipa umenikamata." Kijana akaandika. Asubuhi raundi ilipofika akasimama wima akasoma kwa Kiingereza, na mimi niliyekuwa nimejibanza mlangoni nikasikia shangazi yangu amegeuka kuwa mgonjwa wa ngiri. Wakamfunua. Watu kumi na mmoja, nilihesabu. Hakuna aliyemwita kwa jina, hakuna aliyemwambia sasa tunataka kutazama hapa. Wakashuka chini ya kitovu wakaitafuta ngiri ambayo haikuwapo.

Aliyeokoa jahazi ni daktari bingwa mwenyewe, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Alilivuta shuka likarudi mahali pake, akainama, akauliza kwa Kiswahili cha mtu aliyelelewa na bibi: "Dada, mshipa upi?" Shangazi akaweka kiganja kiunoni, akakishusha taratibu nyuma ya paja, nyuma ya goti, mpaka kisiginoni. Basi. Kila aliyekuwa pale akajua. Ilikuwa neva ya mguu iliyobanwa kwenye uti wa mgongo. Yule mama akawageukia wanafunzi akawaambia kwamba mshipa kwa Mswahili ni mshipa wa damu, ni neva, ni kano, ni ngiri, ni busha, na wakati mwingine ni huzuni tu. Usimguse mtu kabla hujamuuliza ni upi.

Shangazi aliporudi nyumbani nilimuuliza raundi ilikuwaje. Akasema, "Nilikuwa kama nguo ya mtumba pale Karume. Kila mtu anashika pindo, anaachia, anapita." Na baada ya kunyamaza kidogo: "Lakini yule mama alininunua."

Hili la maneno si mzaha. Chukua degedege. Miaka ya 1990 watafiti waliofanya kazi wilaya ya Bagamoyo walikuta kwamba kwa akina mama wengi homa na degedege yalikuwa mambo mawili yasiyohusiana. Homa ni ya hospitali. Degedege, mtoto anapogeuza macho na kukakamaa, ni la mganga, na sindano inaweza kumuua. Kwenye vitabu vya chuo kilikuwa kitu kimoja: malaria kali iliyopanda kichwani. Mama na daktari walimtazama mtoto yule yule kwa majina mawili, na kati ya majina hayo mawili muda ulikuwa unapotea. Kujua hivyo hakukutokana na darubini. Kulitokana na mtu kuketi mkekani na kumuuliza mama, wewe unaitaje, na baada ya kuiita hivyo unakwenda wapi.

Ndiyo maana lile tangazo la kamati ya maadili ya utafiti, ambalo mwanafunzi wa kawaida hulipita kama tangazo la kukatika maji, mimi niliona ndilo kubwa kuliko yote ubaoni. Kamati hiyo ndiyo inayosoma fomu za ridhaa. Mtafiti anataka damu yako. Je, amekwambia kwa lugha unayoielewa kwamba unaweza kukataa na bado ukatibiwa?

Mwaka 2007 watafiti wa MUHAS, wakishirikiana na wenzao wa Sweden na Marekani, walianza kujaribu chanjo ya VVU kwa watu 60 wenye afya njema hapa Dar es Salaam. Wengi wa waliojitolea walikuwa askari polisi. Sikiliza hapo: polisi, mtu ambaye kazi yake ni kuwaamuru wengine wanyooshe mikono, ananyoosha wake mwenyewe achomwe. Matokeo yalichapishwa: chanjo ilionekana salama, na kinga za mwili ziliitikia vizuri. Chanjo ya kuwatosha watu wote haijapatikana hadi leo, hapa wala Ulaya. Lakini kuna jambo dogo ambalo halisimuliwi sana. Mtu aliyepewa chanjo ya namna ile mwili wake unatengeneza askari wa kupambana na VVU, na kipimo cha kawaida kinawatafuta hao hao askari. Kwa hiyo baadhi ya wale waliojitolea wakipimwa kwa kipimo cha kawaida wanaweza kusomeka kama wameambukizwa, na kirusi hawana. Wewe jiweke kwenye nafasi hiyo, unakwenda kupima na mchumba kabla ya ndoa. Mtu aliyebeba mzigo huo kwa hiari yake ni mwalimu wa chuo, hata kama hana ofisi.

Selimundu nayo. Hili neno nalipenda, niseme kweli, kuliko maneno mengi tuliyotungiwa na wataalamu. Seli yenye umbo la mundu. Ukimwambia mama hivyo, kazi ya kueleza imekwisha nusu: chembe ya damu iliyopaswa kuwa duara imejipinda kama mundu wa kuvunia mpunga, inanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, mtoto anapiga kelele za mifupa usiku. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa huu Tanzania wanakadiriwa kufikia 11,000 kila mwaka. Pale Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu mmoja mmoja, mpaka wakafika maelfu. Kuwafuatilia maana yake ni kliniki kwa kliniki, mwaka kwa mwaka, nani kaongezewa damu, nani kalazwa, nani hakurudi na kwa nini. Dunia ilijifunza mengi kwa watoto hao. Na wanachohitaji wenyewe si miujiza: wajulikane mapema kwa tone la damu ya kisigino wakiwa wachanga, wapate penisilini katika miaka yao ya mwanzo, wapate dawa ya haidroksiyurea na ipatikane kwa bei ya mtu wa Mbagala.

Sasa hiyo tarehe 19 kutakuwa na hotuba. Nitakwenda. Ningependa kuona safu ya mbele wamekaa akina mama wa kliniki, na mkuu wa chuo amekaa ya pili. Najua haitakuwa hivyo, itifaki ni itifaki, ila kusema ni bure.

Kuna kikao kimoja cha kila wiki au kila mwezi, inategemea idara, ambacho hutakikuta ubaoni hata ukisoma kwa tochi. Ni kikao cha kupitia vifo. Milango inafungwa. Daktari kijana anasimama na faili la mama aliyefariki akijifungua, majina yamefichwa, anasoma saa kwa saa. Alifika saa mbili usiku. Alionwa saa mbili na dakika arobaini. Damu iliagizwa saa tatu. Damu ilifika saa tano. Na wakubwa wanauliza swali moja kwa namna mia: kwa nini saa tano? Nilisimuliwa na muuguzi mmoja mstaafu kwamba kuna ukimya fulani ndani ya kikao kile ambao hajawahi kuusikia hata msibani. Hawakai kumsaka mchawi, au angalau hawapaswi. Wanatafuta mlango ulioachwa wazi. Wanasema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua kutoka nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mbili za mwanzo ni zetu, za waume na wakwe na barabara. Ya tatu ni yao, na ndiyo inayowakalisha ndani.

Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha vifo 556 vya akina mama katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 104. Wataalamu watabishana juu ya namba, ndiyo kazi yao, lakini mwelekeo haubishaniwi. Mtakuja kusikia sifa zikigawiwa kwa majengo, na kwa magari ya wagonjwa yenye picha za viongozi ubavuni. Kama ni mimi ningetenga kipande kidogo cha sifa kwa wale madaktari wasiolala waliosimama mbele ya wenzao na kusoma kwa sauti kwamba damu ilifika saa tano. Halafu rudi kwenye ubao uone tarehe 14, wanafunzi kuchangia damu ukumbini. Siku hiyo imewekwa kwa kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Karl Landsteiner mwaka 1868, huyu aliyegundua makundi ya damu. Kwa chuo hiki, nadhani, ina uhusiano zaidi na ile saa tano.

Dakika arobaini zikaisha. Mlinzi akaniita. Nikapanda ngazi na uji wangu.

Jirani yangu huyu mtaani tunamwita Mvuvi, kwa kuwa alivua samaki Ukerewe miaka zaidi ya thelathini kabla mwanawe hajamleta Manzese. Ziwa lilimlisha na ziwa likampa kichocho, kile cha tumbo. Vidudu vinaingia kwa ngozi ukiwa majini, kisa konokono. Vinakaa kwenye mishipa ya tumbo, mayai yao yanakwenda kukwama kwenye ini, ini linaota makovu, damu inakosa njia. Damu ikikosa njia inarudi nyuma: bandama linavimba, na mishipa ya chini ya koo la chakula inatutumka mpaka siku moja inapasuka. Mvuvi alitapika damu beseni zima, alfajiri, mbele ya wajukuu. Wakamfunga mishipa hiyo kwa vipira vidogo, wakipitishia mpira wenye kamera mdomoni. Akapona hilo. Bandama likabaki, kubwa, limeshuka mpaka usawa wa kitovu. Yeye mwenyewe analiita mpangaji.

Nikamkuta ameketi kitandani mchangamfu kuliko mimi. "Kesho naruhusiwa," akasema, "lakini Jumatatu nimeitwa kazini."

"Kazi gani tena, mzee?"

"Mtihani. Mimi ni mtihani."

Alikuwa ameombwa, na safari hii aliombwa vizuri, kwa Kiswahili, na karatasi akasomewa, arudi Jumatatu awe kesi fupi ya wanafunzi wa mwaka wa tano. Kesi fupi ni ya dakika chache. Mwanafunzi anaingia, watahini wamekaa, anaambiwa tu: pima tumbo la huyu mzee, utuambie umekuta nini. Mtu kasoma miaka mitano, kakesha, kala maharage ya kantini mpaka kachakaa, na hatima yake iko chini ya vidole vyake juu ya tumbo la mvuvi wa Ukerewe.

Mvuvi alinifundisha uji ukipoa. Amepimwa mara nyingi mno mpaka amekuwa mtaalamu. "Wengi wanakosea hapa," akasema, akaushika mkono wangu akauweka juu, karibu na mbavu za kushoto. "Wanaanzia juu, kwa sababu kitabuni bandama ndiko linakokaa. Lakini langu ni kubwa, wakianzia hapo wameshapanda mgongoni kwake na hawajui, wanadhani ni tumbo tu. Uanze huku." Akaushusha mkono wangu hadi chini kabisa, upande wa kulia, juu ya nyonga. "Halafu nipumue, wewe unapanda nao kidogo kidogo kuelekea kushoto. Nikivuta pumzi, lenyewe linakuja kukugonga vidole. Kama mtu anayepapasa ukingo wa mtumbwi gizani."

Nikapapasa. Likanigonga. Lina kingo kweli, hata na pengo dogo, kama palipochongwa kwa shoka. Nimekuwa mwandishi miaka mingi, sijawahi kuelewa tangazo la mtihani kama nilivyolielewa pale.

Jumatatu aliondoka na kanzu iliyopigwa pasi na kofia yake ya sherehe. Kurudi alirudi jioni na nauli ndani ya bahasha na chupa ya soda ambayo hakuinywa, alimletea mjukuu. Tukakaa barazani. Nikamuuliza kazi imekwendaje.

Wanafunzi tisa, akasema. Wengine waliingia wakawaamkia watahini tu, wakamshika yeye kama wanashika gunia. Mmoja alibonyeza mpaka Mvuvi akamwona babu yake marehemu. Wa nane alikuwa binti mwembamba, anatetemeka, akapiga goti kidogo pembeni ya kitanda: "Shikamoo, babu. Naomba nikupime tumbo. Mikono yangu ya baridi, unisamehe." Akaisugua kwanza. Kisha akaiweka juu, karibu na mbavu.

Mvuvi alikuwa ameambiwa asiseme neno. Hakusema neno. Alikohoa. Na katika kukohoa, kwa bahati tu, macho yake yakashuka kulia, juu ya nyonga, yakakaa hapo. Usiniulize kama huko ni kuibia mtihani, mimi si mtahini. Binti akasita. Akaondoa mikono, akaanza upya kutoka chini.

"Akalipata?" nikauliza.

"Nilimwona uso. Lilimgonga."

Tangu siku hiyo kila jioni ananiuliza kama matokeo yametoka. Nimekwenda ubaoni Jumatano. Nimekwenda tena jana. Mlinzi sasa ananiita profesa. Matokeo yakitoka yatabandikwa kwa namba za usajili, hakuna jina hata moja, na Mvuvi hana namba, ana mikono ya baridi tu na hilo "shikamoo". Jana usiku akaniambia, wewe si unasema redioni?

Basi binti wa nane, mwaka wa tano, Jumatatu asubuhi, kama uko bwenini unanisikiliza: yule babu anauliza kama umefaulu. Ujumbe ukiletwa hapa studio nitampelekea leo leo, tunakaa nyumba ya tatu.